Muuguzi wa nyumba kwa nyumba: namna ya kuimaliza kazi ndani ya siku yake

Wodini kuna mtu wa kukupokea. Zamu ikiisha muuguzi mwenzako anaingia, mnapita kitanda kwa kitanda, unamkabidhi wagonjwa, unavaa koti na kuondoka. Kazi ya kuwafuata wagonjwa majumbani haina mtu huyo. Unapotoka kwa mgonjwa wa mwisho simu bado inaita, daktari wa asubuhi hajajibu, na ripoti za watu watano zinakungoja kwenye kishikwambi. Hakuna atakayekuja kukwambia: nenda kapumzike, nimepokea.

Ninakuandikia wewe uliyetoka Kisii, Moshi au Bukavu, ukapata leseni ya RN au LPN Marekani, ukazoea hospitali au nyumba ya wazee, na sasa umeingia uuguzi wa nyumbani Minnesota, Texas au Massachusetts. Huenda uliambiwa kwamba kazi hii ina uhuru wa saa. Uhuru upo kweli. Lakini wauguzi wengi huuona ukiishia kwenye meza ya jikoni saa tano usiku, wakijaza fomu za mgonjwa waliyemwona asubuhi huku wakijaribu kukumbuka kama uvimbe ulikuwa mguu wa kulia au wa kushoto.

Kwa maoni yangu, muda mwingi wa muuguzi wa nyumbani haupotei kwa mgonjwa wala barabarani. Unapotea kwenye maandishi yaliyoahirishwa. Ziara haijaisha mpaka ripoti yake ifungwe, na mahali pa kuifungia ni palepale, ndani ya nyumba ya mgonjwa. Karibu yote yanayofuata hapa yanalenga kukuwezesha kufanya hivyo.

Kabla hujasaini mkataba

Kampuni nyingi hupima kazi kwa pointi. Ziara ya kawaida ni pointi moja. Kumpokea mgonjwa mpya huhesabiwa zaidi, mara nyingi mbili au zaidi kidogo, kwa kuwa makaratasi yake ni mengi. Siku ya kutwa nzima kwa kawaida huwa na ziara tano au sita. Pointi zenyewe hazikwambii mengi. Uliza eneo lako lina upana gani, kwa sababu ziara tano katika mtaa mmoja wa Boston si sawa na tano zilizotawanyika katika kaunti ya mashambani. Uliza unalipwaje ukifika mlangoni na mgonjwa akakataa kukufungulia, zamu za simu za wikendi zinazunguka vipi, na muda wa kuandika ripoti uko ndani ya malipo au nje.

Ujue pia sheria. Kwa sheria ya kazi ya Marekani, muda wa kusafiri kutoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine katikati ya siku ni muda wa kazi. Safari ya kutoka kwako asubuhi na ya kurudi jioni kwa kawaida haihesabiwi. Muuguzi mwenye leseni ya LPN kwa kawaida ana haki ya malipo ya ziada akizidisha saa 40 kwa wiki. Kwa RN inategemea namna anavyolipwa, kwa hiyo omba maelezo hayo kwa maandishi. Maili nazo zina uzito wake. Kiwango cha serikali kuu kwa mwaka 2025 kilikuwa senti 70 kwa maili, na tangu 2018 mwajiriwa hawezi kuondoa kwenye kodi yake ya serikali kuu gharama za gari ambazo mwajiri hakumrudishia. Jadili maili kabla ya kuanza. Ukishaanza, nguvu ya kujadili inapungua.

Saa ya ugonjwa kwanza, ramani baadaye

Wapange wagonjwa wako jioni ya kuamkia siku ya kazi. Wengi hufungua ramani kwanza na kutafuta njia fupi. Anza na dawa na vipimo. Mwenye kisukari anayetegemea uje umchome insulini lazima umfikie kabla hajala. Damu ya kupimia kiwango cha vancomycin hutolewa muda mfupi kabla ya dozi inayofuata, na ukichelewa jibu la maabara halina maana na utarudi kesho. Damu yoyote lazima ifike maabara ndani ya muda wake, kwa hiyo usiitoe saa nne asubuhi kisha ukazunguka nayo garini hadi alasiri. Mwenye mashine ya kunyonya majimaji ya kidonda kwa kawaida hubadilishiwa mara tatu kwa wiki, na hilo linakufunga Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mwenye kinga dhaifu, kama anayepata tiba ya saratani, aonwe mapema. Anayeharishwa na C. diff awe wa mwisho, ili usitoke kwake ukaingia kwa mwingine. Ukishawapanga hao, waliobaki waingie katikati kwa kufuata ramani.

Jambo hili la njia ni la zamani kama kazi yenyewe. Lillian Wald alipoanza kuwapelekea maskini wa Lower East Side, New York, wauguzi mwaka 1893, wagonjwa walikuwa kwenye majengo marefu yasiyo na lifti. Wauguzi wa kituo chake cha Henry Street walijifunza kupanda ngazi mara moja tu, kisha wakavuka kutoka paa hadi paa. Ipo picha maarufu ya mwanzoni mwa karne ya 20 ya muuguzi wa namna hiyo, mkoba mkononi, akivuka ukuta mfupi kati ya mapaa mawili. Alikuwa akiokoa ngazi ili apate dakika za kukaa na mgonjwa. Kila unapopanga njia, lengo ni hilo.

Ukiwapigia wagonjwa simu jioni, usiwape saa kamili. Sema, “Nitafika kati ya saa nne na saa sita.” Ukimwahidi mzee saa nne kamili ukafika saa nne na nusu, utatumia dakika kumi za kwanza kuomba radhi, naye atakuwa amepandisha presha kwa kusubiri dirishani. Acha pia nafasi tupu katikati ya siku. Mtu ataanguka, mpira wa mkojo utaziba, bandeji italowa. Usipoiacha nafasi hiyo wewe, dharura itaichukua kwenye chakula chako cha mchana.

Majira ya baridi yana utaratibu wake. Theluji ikitangazwa, tenga majina ya wasioweza kukosa hata siku moja: wa insulini, wa dawa za mshipani, wanaoishi peke yao na oksijeni. Wengine wanaweza kusogezwa, lakini ziara iliyoagizwa ikikosekana daktari lazima ajulishwe, na ujumbe huo uandikwe kwenye faili.

Kalenda ya Medicare ni ya kuijua kwa moyo. Mgonjwa mpya aonwe ndani ya saa 48 tangu aletwe kwenu au arudi nyumbani, isipokuwa daktari ametaja siku nyingine. Aliyelazwa akarudi, vilevile ndani ya saa 48. Tathmini kamili ya mwanzo ina siku 5 kukamilika. Kila mzunguko ni wa siku 60, na tathmini ya kuuendeleza hufanyika kati ya siku ya 56 na ya 60, si kabla wala baada. Msaidizi anayemwogesha mgonjwa wa uuguzi husimamiwa angalau kila siku 14. Haya hayaji ghafla. Yanajulikana wiki kadhaa kabla. Kila Ijumaa tazama wiki mbili zijazo, na siku za 56 hadi 60 zikirundikana katika wiki moja, mwambie mpanga ratiba siku hiyohiyo.

Ndani ya nyumba

Mkoba wako usikae kitandani wala sakafuni. Tandika karatasi safi, weka mkoba juu yake, nawa mikono kabla ya kuingiza mkono ndani, na kila kilichomgusa mgonjwa kisafishwe kabla ya kurudi. Vitu viwe na mahali pake palepale kila siku. Muuguzi anayetafuta mkasi mkobani huku kidonda kiko wazi anapoteza muda, na anamtia mgonjwa wasiwasi.

Dakika chache za mwanzo zisiwe na kishikwambi. Kaa chini, salimu, sikiliza. Malezi yetu yanakusaidia hapa, kwa sababu unajua kumsalimu mtu mzima mpaka akajisikia ameonekana. Baada ya hapo kitoe na ueleze: unaandika mbele yake ili daktari apate habari sahihi, na ili usisahau alichokwambia. Wagonjwa wengi hukubali wakielezwa. Presha ikipimwa, iandike hapohapo. Kidonda kikipimwa urefu, upana na kina, andika vipimo kabla ya kukifunga. Ukifika mwisho, nusu ya ripoti imeshajaa. Ibaki aya ya maelezo, na hiyo iandike ukiwa umeketi naye, umsomee kwa lugha nyepesi: tumekubaliana utajipima uzito kila asubuhi, na ukiongezeka ratili tatu kwa siku moja au tano kwa wiki, unapiga simu. Kwa mgonjwa wa moyo hilo ni fundisho, na kwako ripoti imefungwa. Kazi mbili umezifanya mara moja.

Usinakili ripoti ya juzi na kubadilisha tarehe. Ninalisema kwa uzito. Kidonda chenye vipimo vilevile kwa wiki tatu kwenye faili huenda kinaoza mguuni. Mlipaji akikagua anaweza kudai fedha zake, na leseni itakayoulizwa ni yako. Vivyo hivyo na kusajili kuingia na kutoka. Sheria ya mwaka 2016 inadai huduma za nyumbani zinazolipwa na Medicaid zithibitishwe kielektroniki, kwa hiyo usisajili kuwa umeingia kwa mgonjwa ukiwa bado uko barabara kuu. Ripoti usiijazie mkahawani pia, kwani siri za mgonjwa zinalindwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1996, na mtu wa meza ya nyuma ana macho.

Ziara ya kumpokea mgonjwa mpya ndiyo inayovunja siku za wengi, kwa sababu ya tathmini iitwayo OASIS, inayotumika tangu 1999. Maswali yake ni mengi, na anayeyasoma moja baada ya jingine kama karani wa sensa atakaa mpaka mgonjwa asinzie. Usiulize unachoweza kukiona. Mwombe akuonyeshe bafu. Katika safari hiyo moja utamwona akiinuka kitini, akitembea, akishika ukuta, akihema. Utaona kama anaweza kuvuka ukingo wa bafu, kama zulia linateleza, kama taa inawaka. Umejibu sehemu kubwa ya fomu, tena kwa ukweli zaidi, kwa kuwa wazee wengi husema “naweza” kwa heshima yao hata pale wasipoweza. Ukipiga simu jioni ya kuamkia siku hiyo, omba chupa zote za dawa ziwekwe mezani, za daktari na za dukani, pamoja na kadi ya bima na karatasi za kutoka hospitali. Kuorodhesha dawa huku zikitafutwa chumba hadi chumba huchosha kuliko tathmini yenyewe. Na kupokea wagonjwa wapya wawili kwa siku moja, kataa kila inapowezekana.

Kuna upweke pia, nao huwezi kuuandikia dozi. Mzee asiyeona mtu tangu ziara yako iliyopita atataka kusimulia, na sisi tumefundishwa kwamba kumwinukia mzee katikati ya simulizi ni utovu wa adabu. Dawa yake ni kumwacha asimulie wakati mikono yako inafanya kazi. Muulize habari za ujana wake unapofungua bandeji, si unapofunga mkoba. Mwanzoni mwambie utakaa muda gani, na kabla ya kuinuka muulize kama kuna jambo ambalo hajalisema. Upweke ukiwa mzito, andika ombi la afisa wa ustawi wa jamii. Yumo katika timu, na kumwita ni sehemu ya uuguzi.

Mfundishe ili akuhitaji kidogo

Mzigo wa kazi hupungua zaidi kwa kufundisha kuliko kwa kukimbia. Mgonjwa anayeweza kujichoma insulini mwenyewe, au mwenye binti aliye tayari kujifunza, hapaswi kukutegemea kila siku. Medicare nayo hulipia ziara za kila siku za insulini pale tu mgonjwa hawezi na hakuna mwingine awezaye au aliye tayari. Anza kufundisha ziara ya kwanza. Wewe onyesha, ziara inayofuata yeye afanye ukimtazama, kisha afanye na kukueleza sababu ya kila hatua. Binti akikosea, usimpokonye bomba la sindano. Subiri. Dakika unazozitumia kungoja mikono yake izoee zitarudi kwako mara nyingi baadaye, na yeye atabaki na ujuzi siku ambayo hutakuwapo.

Simu

Simu kwa madaktari zikusanye katika vipindi viwili, kabla ya adhuhuri na tena kabla ya saa tisa alasiri, kwa kuwa kliniki zikifunga utaachiwa huduma ya ujumbe. Dharura haingojei kipindi. Kabla ya kupiga, panga maneno: kinachotokea sasa, historia fupi, unavyoona wewe, unachoomba. “Bwana huyu ameongezeka ratili nne tangu jana, anahema akitembea, ninaomba kujua kama tuongeze dawa ya kutoa maji” hupata jibu upesi kuliko “hali yake si nzuri.” Namba yako binafsi usimpe mgonjwa, hata yule umpendaye. Mpe namba ya kampuni inayopokelewa usiku, iandike kwa herufi kubwa na uibandike kwenye jokofu.

Kukataa kwa heshima

Alhamisi saa kumi alasiri mpanga ratiba atapiga: kuna mmoja tu, yuko karibu. Hapa wauguzi wengi wa kwetu hunyamaza na kukubali. Wengine wana viza inayofungamana na mwajiri, wengine wanaona haya. Jibu kwa hesabu: “Ametoka hospitali jana jioni, kwa hiyo tunaye hadi kesho jioni. Nitampokea kesho saa nne. Mkitaka leo, mgonjwa wangu wa kidonda apewe mwingine.” Hapo hujakataa kazi, umempa mpanga ratiba achague. Tuma maneno hayo kwa barua pepe. Ujue pia kwamba bodi nyingi za uuguzi hutofautisha kumtelekeza mgonjwa uliyekwisha kumpokea na kukataa mgonjwa mpya ambaye huna uwezo wa kumhudumia salama. Soma msimamo wa bodi ya jimbo lako.

Na ipo kazi ya pili. Ninajua sababu zake: ada ya shule, hospitali ya mzazi, nyumba inayojengwa. Lakini anayetoka zamu ya usiku katika nyumba ya wazee na kuingia garini kuzunguka kwa wagonjwa sita anaendesha akiwa hajalala, na anapima dozi za insulini akiwa hajalala. Ukilazimika kuwa na kazi mbili, zisipakane. Simu za nyumbani nazo zipangie siku yake. New York ikiwa saa nne usiku, Nairobi ni alfajiri au asubuhi ya kesho yake, na ndipo ndugu wanapoamka na kupiga. Waambie ni siku gani unapokea na siku gani umelala. Wakielezwa, wengi huelewa.

Wiki ijayo anza na jambo moja tu: usiondoke kwenye nyumba ya kwanza ya siku kabla ripoti yake haijafungwa. Likizoeleka, ongeza nyumba ya pili. Andika kila siku saa uliyoanza, saa uliyomaliza, na muda ulioandika ukiwa kwako. Baada ya mwezi, ikiwa ripoti zinafungwa palepale na bado unavuka saa 50 kwa wiki, usijilaumu wala usinunue kalenda nyingine. Mzigo huo umezidi mtu mmoja. Peleka daftari hilo kwa msimamizi wako, omba wagonjwa wapunguzwe, na asipokusikiliza, hama. Leseni yako inakubalika kwingine, na wagonjwa wa kampuni inayofuata wanastahili kukupata ukiwa mzima.